Peugeot 504 Coupé ya 1971: nataka kurudisha injeksheni yake ya asili, niko Malindi

Mwenye Coupé, Malindi

Assalam aleikum, na habari za huko mliko.

Nina Peugeot 504 Coupé, ile ya milango miwili ambayo bodi yake iliundwa na Pininfarina kule Italia. Mwaka wake ni 1971 na injini ni cc 1971, namba moja mara mbili, ndiyo maana siisahau. Usukani uko kushoto. Ilikuwa ya mzee Mwitaliano niliyemtunzia nyumba Casuarina kwa miaka kumi na tisa. Alipougua na kurudi kwao, aliniachia funguo na karatasi zote.

Gari inatembea, ila haitembei ilivyozaliwa. Ilitoka kiwandani na injeksheni ya Kugelfischer, yaani pampu inayosukuma petroli hadi kwenye nozeli badala ya kabureta, ya mitambo mitupu, haina kompyuta wala waya wa kuiamuru. Kabla sijaanza kazi pale, gari ilikaa muda mrefu bila kuwashwa, tangi likaota kutu, pampu ikakwama. Fundi aliyeitwa akaing'oa, akafunga manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) na kabureta ya 504 pikapu. Tangu siku hiyo ni kabureta.

Mzee hakutupa hata nati moja. Kila kitu kilikuwa kwenye sanduku la mbao chini ya ngazi, kimefungwa gunia lililolowa oili: pampu, puli yake, mabomba manne membamba ya plastiki, nozeli nne, manifoldi yenye kipepeo cha hewa, na ile fimbo inayounganisha kipepeo na pampu. Kila mwaka kabla ya kusi aliniambia nifungue gunia, niongeze oili, nifunge tena. Nimefanya hivyo bila kukosa, na kila mara nilijiuliza kwa nini mtu atunze chuma kilichokufa. Sasa gari ni yangu na nimeelewa.

Nimekwenda gereji tatu hapa mjini na moja Watamu. Wote wameniambia niache, kabureta inatosha, spea ziko tele. Sitaki kuacha. Maswali yangu ni haya. Shafti ya pampu haizunguki kabisa kwa mkono, je, inaweza kufunguka bila kuvunjika? Nozeli nitazipima wapi huku Pwani? Na kuna mtu yeyote humu aliyewahi kuishika pampu hii akiwa na injini mbele yake, si kwa kusikia?

Mkaazi wa Kilifi

Kaka, hongera kwa gari, hizo Coupé zimebaki za kuhesabu. Ushauri wangu ni tofauti kidogo. Funga injeksheni ya kisasa: nozeli za umeme kutoka Toyota, kompyuta ndogo, pampu ya ndani ya tangi. Itawaka asubuhi kwa mguso mmoja na petroli utaokoa. Pampu ya zamani iweke sebuleni iwe kumbukumbu. Mimi nimefanya hivyo kwa pikapu yangu na sijajuta.

Mwenye Coupé, Malindi

Ahsante kaka, najua unanitakia mema. Lakini pampu hii imetunzwa kwa miaka yote hiyo ili irudi mahali pake. Nikiiweka sebuleni nitaona haya kila nikipita.

Fundi wa mashua, Lamu

Salamu kutoka Amu. Gari huku kwetu ni za kuhesabu kwa vidole, lakini pampu na nozeli ndiyo riziki yangu, injini za dizeli za mashua. Kugelfischer sijaishika, ila nimesoma mchoro wake, na ndani ni binamu ya pampu ya dizeli: plunja nne (pistoni ndogo za kusukuma mafuta), kila moja na silinda yake, zinasukumwa na kemu shafti, mhimili wenye vilima. Tofauti kubwa ni kwamba petroli hailainishi kama dizeli, ndiyo maana pampu hiyo hupelekewa oili ya injini. Kwa hiyo kabla ya yote angalia bomba la oili na matundu yake. Pampu ikizunguka bila oili utaiua kwa siku moja.

Kuhusu kukwama: usipige nyundo, usitie spana ndefu kwenye puli. Plunja na silinda yake zimesagwa pamoja, nafasi kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele, na ukizichanganya au kuzikwaruza hakuna pa kununua nyingine. Mimi hufanya hivi. Jaza pampu dizeli na oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, kupitia njia ya mafuta. Iweke juani mchana kutwa, jua la Malindi linatosha. Jioni shika puli kwa mikono miwili, jaribu kwenda mbele kidogo, nyuma kidogo. Isipokubali, iache, kesho tena. Injini moja ya jahazi ilinichukua siku kumi na moja hivyo hivyo, na bado inavua samaki.

Nozeli mpelekee fundi yeyote wa dizeli mwenye pampu ya mkono ya kupimia. Mwambie mapema kwamba hizi hufunguka kwenye bar (kipimo cha shinikizo) thelathini na kitu tu. Yeye amezoea nozeli za dizeli za bar mia na zaidi, akibonyeza kwa nguvu zile hatasoma kitu. La muhimu zaidi: apime kwa mafuta ya kupimia, ASITIE PETROLI. Petroli ikitoka kama ukungu ndani ya chumba, cheche moja tu mnaungua nyote. Angalia ukungu uwe koni safi, na akiacha mkono nozeli isidondoshe.

Fundi mstaafu, Mombasa

Mwanangu, mimi nimezishika. Miaka ya sabini na themanini nilifanya kazi kwenye 504 za injeksheni, na kabla yake 404. Anayekuambia mfumo huu hauwezi barabara zetu mkumbushe 1975, Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 yenye injeksheni. Vumbi na matope yote yale.

Nisikilize kwa mpangilio wangu, usianze na pampu. Anza na tangi. Kilichoua pampu yako ni kutu, na kutu bado imo. Shusha tangi, lioshe, badilisha mipira yote ya petroli, ya kwenda na ya kurudi, maana mfumo huu hurudisha mafuta kwenye tangi muda wote na bomba la kurudi huenda walilikata au kuliziba walipofunga kabureta. Weka chujio jipya, na pampu ya umeme yenye nguvu, ya kabureta haitoshi.

Pili, ndani ya pampu kuna koni yenye uso wa mabonde na vilima. Ukikanyaga mafuta koni inazunguka, gavana, kifaa kinachofuata mwendo wa injini, naye anaisogeza kwa kasi ya injini, na umbo lile ndilo linaloamua kila plunja isukume kiasi gani. Ile koni ndiyo akili yote ya mfumo. Screw za pale usiziguse hata kama zinakuvutia. Na ile fimbo ya kipepeo, urefu wake pima kwa kalipa sasa hivi, andika kwenye daftari. Ukiukosa kwa milimita chache, petroli itazidi au itapungua kwenye kila mwendo, na utamsingizia nozeli.

Tatu, na hapa vijana wengi hupotea: Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini), si upande wa feni. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Ukihesabu kutoka mbele utafunga mabomba kinyume, na injini itawaka! Hapo ndipo utadanganyika. Mafuta yatafika kwenye mlango wa valvu wakati usio wake, itatembea, lakini itakuwa nzito na hutajua kwa nini. Mkanda wa meno unaozungusha pampu nao funga mpya, kwa alama, na uzungushe injini kwa mkono mara mbili kamili kabla ya kugusa stata.

Mwenye Coupé, Malindi (wiki tano baadaye)

Wazee wangu na ndugu zangu, naleta habari.

Pampu ilifunguka siku ya saba, baada ya alasiri. Nilikuwa nimezoea kusukuma na kutopata kitu, mara ikasogea upana wa ukucha. Nikaacha hapo hapo, nikaongeza dizeli, nikalala. Kesho yake ikazunguka mzunguko mzima na kutoa maji ya kahawia kama chai ya rangi. Nimesafisha mpaka yakatoka meupe. Bomba la oili lilikuwa limeziba tope gumu, fundi wa Amu Mungu akuzidishie.

Nozeli tatu nzuri. Ya nne ilidondosha, tukaisafisha mara mbili, sasa imeshika. Tangi lilitoa kutu kikombe kizima. Bomba la kurudi kweli walilikata, nimetia jipya toka nyuma hadi mbele.

Mzee wa Mombasa, nilipofungua daftari langu la mwanzo nikaona nilikuwa nimeandika "silinda 1" upande wa feni. Ungechelewa siku mbili kunijibu ningefunga hivyo.

Jumamosi asubuhi imewaka. Mara ya kwanza ilikohoa, mara ya pili ikashika. Nilienda nayo hadi daraja la Sabaki na kurudi. Ukikanyaga haisiti, ile pumzi ya kabureta ya kusubiri kwanza haipo. Inavuta kutoka chini na kuendelea kuvuta. Bado ina kasoro moja: ikiwa baridi inakula petroli nyingi na moshi ni mweusi kwa dakika nne tano, nadhani kile kifaa cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi, kinachofuata joto la maji ya injini, hakirudi vizuri. Hiyo ndiyo kazi ya wiki hii, na nitashukuru mwenye ujuzi nacho.

Nilimrekodia mzee sauti ya injini kwa simu, nikamtumia huko Italia. Amejibu kwa swali moja: chujio la petroli nimebadilisha? Nimemjibu nimebadilisha.