Shindano la insha la klabu ya kujitolea: niandike tena au niache?

BintiMuheza aliandika:

Shikamooni wakubwa, na rika langu mambo zenu.

Nipo Muheza, nilimaliza kidato cha sita na sasa nauza kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Hapa mjini kuna klabu ya kujitolea: walimu wastaafu, manesi na vijana kadhaa. Wanafanya usafi sokoni, wanahamasisha watu kuchangia damu, na kila baada ya miezi michache wanaendesha shindano la insha kwa vijana tulio nje ya shule. Kuingia ni bure. Insha isizidi maneno 600, iandikwe kwa mkono. Mshindi anapewa vitabu na insha yake inabandikwa ubaoni watu waisome.

Mara iliyopita mada ilikuwa "Maji mtaani kwetu". Niliandika, sikupata nafasi yoyote. Karatasi ilirudi na wino mwekundu pembeni: "Una jambo zuri. Mbona umelificha ukurasa wa pili?" Nimeisoma mpaka nimeikariri na bado sielewi nifanye nini. Mwanzo wangu ulikuwa huu:

"Maji ni uhai. Maji ni muhimu sana kwa binadamu, wanyama na mimea. Katika nchi yetu ya Tanzania maji hutumika katika shughuli mbalimbali kama vile kunywa, kupika, kufua na kumwagilia mashamba."

Ukurasa wa pili niliandika hivi: "Bombani kwetu madumu hupangwa foleni tangu usiku, wenyewe wakiwa wamelala. Dumu la mama limeandikwa jina langu kwa rangi ya kucha ili lisibadilishwe."

Sasa imetoka mada mpya, "Kazi niliyojifunza kwa kutazama". Nikishika kalamu mkono unakuwa mzito, nabaki natazama karatasi. Natamani siku moja niandike makala gazetini, na watu wananiambia nianzie kwenye mashindano kama haya. Je, yanamsaidia kweli mtu asiyeshinda? Na huko kujiamini kwenye kuandika kunatoka wapi?

MwalimuKorogwe alijibu:

Marahaba binti yangu. Nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na siku hizi nasahihisha insha za klabu ya aina hiyohiyo huku Korogwe. Kwa hiyo nakujibu nikiwa upande wa wenye wino mwekundu.

Kwanza, hao watu wa klabu wamekurudishia karatasi. Hilo ni jambo kubwa, tena kubwa sana. Kwenye mashindano mengi unatuma insha, miezi inapita, linatangazwa jina la mshindi, na wewe uliyekosa huambiwi hata mstari mmoja ulikwama wapi. Wana sababu zao, insha zinaingia kwa maelfu. Lakini anayejifunza kuandika hajengwi na tangazo la mshindi. Anajengwa na mtu aliyeisoma kazi yake yote, akasimama mahali, akaandika pembeni. Klabu ndogo yenye insha thelathini au arobaini inaweza kufanya hivyo, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu nzima ya kuwa na shindano la namna hii. Vile vitabu vya zawadi vinasaidia tu watu wamalize kuandika kabla ya tarehe ya mwisho.

Sasa huo wino mwekundu. Msahihishaji wako amekusifu. Jiweke kwenye kiti chake: ana rundo la insha mezani, jioni imeingia, na nyingi zinaanza na "maji ni uhai". Mwanzo huo anaweza kuuandika mtu wa Kigoma au wa Mtwara ambaye hajawahi kukanyaga Muheza. Anafunua ukurasa, anakutana na dumu lililoandikwa jina kwa rangi ya kucha. Hapo anakaa sawasawa. Dumu hilo hakuna mwingine mwenye nalo, ni wewe tu, nawe umemfanya avumilie ukurasa mzima kabla hujamwonyesha.

Shuleni mnafunzwa kuanza na maana ya mada kwa sababu mtihani una alama za utangulizi. Ukitoka shuleni, msomaji hana alama za kukupa. Ana muda wake tu, na anaweza kuuondoa wakati wowote.

Nenda kaichukue insha hiyo ya maji, hata kama shindano limepita. Piga mstari ukurasa wote wa kwanza. Anza hivi: "Saa tisa usiku foleni ya bombani kwetu imeshajaa, na hakuna mtu hata mmoja." Fuatisha dumu la mama na ile rangi ya kucha. Kisha tuambie nani huamka kulinda foleni, dumu moja linauzwa bei gani, maji yanatoka mpaka saa ngapi, na anayekuta yamekatika anaelekea wapi. Ukifika hapo msomaji ameshajua mwenyewe kwamba maji ni uhai. Huna haja ya kumwambia.

Kuhusu mkono kuwa mzito: usianze na sentensi ya kwanza. Anza na ile sehemu ambayo ungemsimulia shoga yako mkiwa mnachambua mchele. Iandike vilevile inavyotoka mdomoni, ruka mstari mmoja kila unapoandika upate nafasi ya kurekebisha, halafu iache ilale. Kesho yake isome kwa sauti. Popote unapokatika pumzi, pana sentensi ndefu kuliko inavyotakiwa.

Sisi huku baada ya matokeo tunakutana Jumamosi, kila anayetaka anasoma insha yake mbele ya wenzake. Alikuja kijana mmoja fundi baiskeli. Insha yake ilikuwa juu ya "umuhimu wa ufundi stadi kwa taifa", na sauti ilimtetemeka tangu mstari wa kwanza. Katikati palikuwa na sentensi moja kwamba yeye hunyoosha ringi kwa kusikiliza. Mzee mmoja akamkatiza, "Unasikiliza nini?" Kijana akaweka karatasi chini. Akatueleza kwamba anageuza baiskeli juu chini, anazigusa spoku kwa kidole moja baada ya nyingine, na iliyolegea mlio wake unazama, haufanani na wenzake. Anaikaza kidogo kidogo, anazungusha, anasikiliza tena. Sauti haikutetemeka hata mara moja. Tukamwambia hayo uliyosema sasa hivi ndiyo insha, nenda kayaandike. Akayaandika. Hakushika nafasi ya kwanza hata mara hiyo ya pili, lakini leo barua zote za klabu kwenda halmashauri anaziandika yeye, na halmashauri inajibu.

Umeuliza kujiamini kunatoka wapi. Kwa nilivyoona mimi, kunatoka kwenye kitu unachokijua kuliko anayekusoma. Kijana yule alikuwa mnyonge kwenye "maendeleo ya taifa", ila mbele ya ringi hakuna aliyemzidi pale ukumbini.

Mashindano yenyewe yana heshima yake kwenye lugha yetu. Muhammad Said Abdulla wa Unguja aliipeleka hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale kwenye shindano la 1957–58 la East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki, ikashika nafasi ya kwanza, na mwaka 1960 ikatoka kitabu. Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithi zake, tulimpata kwa njia hiyo.

Jambo moja la kuangalia: ukikuta shindano linalodai ada ya kuingia, au linalotaka umsifie mfadhili, liache lipite.

MtaitaVoi alijibu:

Salamu kutoka Voi, dada. Mwalimu amesema vyema, ila pale kwenye kushinda sitakubaliana naye.

Shuleni nilikuwa kwenye klabu ya wanyamapori. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa na wanafunzi mwaka 1968, na mashindano yake ya insha na uchoraji ndiyo yaliyotufanya wengi wetu tuandike kitu ambacho si cha mtihani. Sisi tunapakana na hifadhi ya Tsavo, ndovu wanaingia shambani, kwa hivyo cha kusema hakikukosekana. Mwaka mmoja insha yangu ilichaguliwa kuwa bora shuleni. Zawadi ilikuwa kalamu na daftari. Lakini baba yangu, ambaye kila akinikuta naandika aliniuliza kama nimekosa kazi, aliomba hiyo karatasi aisome. Akaisoma yote akiwa amesimama. Tangu siku hiyo hakunitoa tena mezani. Kwa hivyo kushinda nako hujenga, na hujenga hata walio karibu nawe. Tamani tu kushinda, si vibaya.

La pili ni kupunguza maneno. Huku kwetu kwenye insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwanafunzi anayezoea kujaza ukurasa huumia. Chukua mwanzo wako ule wa maji ufute "katika", "mbalimbali", "kama vile" na "muhimu sana". Utaona hakuna kilichopotea. Mimi hufanya hivyo kwa kila nakala: nahesabu, kisha natoa neno moja katika kila kumi. Huwa inauma kwenye zile sentensi nilizozipenda, na mara nyingi ndizo za kutoka.

NuktaSita alijibu:

Habari zenu. Mimi sioni tangu utotoni, thread hii nasomewa na programu ya simu.

Niliandika insha zangu zote za shule kwa mashine ya nukta nundu (Braille). Ina funguo sita za nukta, unazibonyeza kwa pamoja kutengeneza herufi moja. Ukikosea hakuna kufuta kwa raba. Unaisugua nukta kwa ukucha ilale, lakini alama inabaki na anayesoma kwa vidole anaihisi. Kwa sababu hiyo tulizoea kuitunga sentensi kichwani mpaka ikamilike ndipo tunagusa mashine. Dada, jaribu hivyo ukiwa dukani. Mteja akiondoka, iseme sentensi yako ya kwanza kimoyomoyo. Igeuze. Iseme tena. Jioni ukikaa na karatasi mkono hautakuwa mzito, kwa sababu hutungi tena, unanakili tu.

Kwa wazazi wanaosoma hapa: Lions, mtandao wa klabu za kujitolea duniani, nao wana shindano lao la kimataifa la insha kwa watoto wenye ulemavu wa kuona wa miaka 11 hadi 13. Mada huwa ni ya amani, insha haizidi maneno 500, na mtoto lazima adhaminiwe na klabu ya Lions. Mimi nililisikia umri ukiwa umeshanipita.

Na nina ombi. Umesema klabu yenu inataka insha ya mkono. Sharti hilo linamfungia mlango mtu kama mimi. Naomba uwafikishie: wapokee na iliyochapwa, au ya nukta nundu na wamtafute mwalimu wa kuwasomea. Mwandiko haupimi kama mtu anajua kuandika.

BintiMuheza aliandika:

Asanteni sana, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. Kaka NuktaSita, nimeongea na katibu wa klabu leo alipokuja kutoa kopi. Amesema sharti la mkono liliwekwa ili watu wasinakili mtandaoni, hawakuwafikiria wasioona. Amekubali zilizochapwa zipokelewe kuanzia shindano hili, na ya nukta nundu atauliza shule yenye mwalimu wa elimu maalumu. Nitamkumbusha.

Mwalimu, nimefuata ulivyosema, nimeanza na kazi ya hapa dukani. Naomba uangalie:

"Masika yakianza bosi wangu hafungui rimu mpya mpaka mteja afike. Karatasi ikilala wazi usiku mmoja inavuta unyevu, na asubuhi inakwama kwenye fotokopi. Hakuwahi kunifundisha hivyo, niliona tu. Kujifunza kwa kutazama ni jambo muhimu sana katika maisha ya kila siku ya binadamu."

MwalimuKorogwe alijibu:

Sentensi tatu za kwanza usiziguse. Ningezipata kwenye rundo langu ningesimama nikamsomea mwenzangu. Ya nne itoe, ni ndugu wa "maji ni uhai".

Halafu umesema karatasi inakwama, ukaniacha hapohapo. Ikikwama wewe unafanyaje? Unafungua wapi, unavuta kuelekea upande gani, na mara ya kwanza ulimwona bosi akifanya nini kwa mikono yake? Mimi sijui, nataka nijue.

BintiMuheza aliandika:

Kwanza anazima, anasubiri, kwa sababu ndani pana moto. Anafungua mlango wa pembeni, anaishika karatasi kwa mikono miwili pande zote na kuivuta taratibu kufuata njia ambayo ingepita yenyewe. Ukiivuta kinyume inachanika, kipande kinabaki ndani na siku nzima mashine haifanyi kazi. Halafu anaipepea rimu iliyobaki, kila upande, ndipo anairudisha kwenye trei.

Nimeyaandika yote, yamekuwa aya ya pili. Sasa nina maneno 700 na kidogo, naanza kukata kama kaka wa Voi alivyosema. Kupokea mwisho ni Ijumaa.