Nimepewa leseni ya kutengeneza midoli ya katuni ya TV, nisaini au nibaki na wahusika wangu?

Fundi Kalibu

Wanajamvi, salaam. Nina karakana ndogo Mbagala, mimi na vijana wawili. Tunatengeneza midoli ya mashujaa kwa rezini, urefu wa kiganja, mikono na shingo zinazunguka. Anayetulisha zaidi ni Nahodha Tatu, binti wa baharini niliyemchora mwenyewe. Ana kovu la papa bega la kushoto. Kovu hilo nalichimba kwa sindano ya cherehani kwenye sanamu mama kabla sijaimwagia silikoni, maana la kuchora kwa rangi watoto wanalisugua mpaka linafutika.

Sasa kampuni moja ya katuni za televisheni (jina nalihifadhi) imenifuata. Wanataka niwatengenezee midoli ya wahusika wao. Mkataba miezi 24, mrabaha (ninachowalipa kwa kila mdoli unaouzika) asilimia 12 ya bei ya jumla, na ndani ya muda huo lazima niwe nimewalipa angalau milioni 9, niuze nisiuze. Halafu kuna kifungu kinachosema nisitengeneze mhusika mwingine yeyote mpaka mkataba uishe. Bei yangu ya jumla ni 15,000 kwa mdoli, tunatoa 120 kwa mwezi.

Katuni yao kila mtoto anaijua. Naogopa kuikosa bahati hii, naogopa pia kumweka Tatu kabatini. Nishaurini.

Mzee wa Cincinnati

Mdogo wangu, mji ninaoishi ndio ulikuwa makao ya Kenner, kampuni ya midoli, na kisa chao hakiachani na chako.

Mwaka 1976 leseni ya Star Wars, filamu ya vita vya anga, ilikuwa inatafuta kampuni ya kuichukua. Mego ya New York, wakubwa wa midoli ya mashujaa kwa wakati huo, wakaikataa. Kenner wakaichukua. Filamu ikatoka Mei 1977 na watoto wakaitaka midoli ambayo bado haijatengenezwa. Krismasi ikafika, mzigo hakuna. Kenner wakauza bahasha ya karatasi ngumu: ndani stika, jukwaa la karatasi la kusimamishia midoli, na hati ya kutuma kwa posta ili uletewe midoli 4 mwaka unaofuata. Nimewahi kuishika moja kwenye mnada wa vitu vya kale. Nyepesi kabisa, hakuna mdoli hata mmoja ndani, na wazazi walilipa. Hiyo ndiyo nguvu ya jina lililo midomoni mwa watoto.

Mego wakaanza kukimbiza leseni za filamu nyingine za anga, ikiwemo ya Star Trek ya 1979. Hazikuuza walivyotarajia. 1982 wakaomba kinga ya ufilisi (ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaowadai), na haikupita muda wakafunga.

Lakini usiishie hapo. Filamu ya tatu ya Star Wars ilitoka 1983, baada yake hakukuwa na nyingine karibuni, na kufikia 1985 midoli ile ikasimamishwa. Kiwanda ni kilekile na mafundi ni walewale, ila mwenye hadithi alikuwa amenyamaza. Waulize hao wa katuni: wana vipindi vipya vya miezi yote 24? Kama hawana, wewe ndiye utakayebaki na mzigo.

Mama Hesabu

Kaka, tupige hesabu kabla ya hadithi. Asilimia 12 ya 15,000 ni 1,800 kwa mdoli. Ili mrabaha wako ufike milioni 9 lazima uuze midoli 5,000. Wewe ukitoa 120 kwa mwezi, miezi 24 ni midoli 2,880, na hapo kila kitu kimeuzwa, hakuna kilichovunjika wala kulala dukani. Milioni 9 ukiigawa kwa 2,880 unapata 3,125. Kwa hiyo mrabaha wako wa kweli unakaribia asilimia 21, siyo 12. Hapo hujanunua rezini, hujalipa vijana.

Ama kile kiasi cha lazima kishuke hadi milioni 4 na ushee, ama mkataba uondoke mezani.

Duka la Midoli Kkoo

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Nauza midoli Kariakoo mwaka wa kumi huu. Mtoto hasemi "mama ninunulie mdoli mzuri", anataja jina. Asipolipata jina lake anamvuta mama duka la jirani. Tatu wako namheshimu, kazi safi, lakini nikimpanga mbele lazima nimuelezee. Wa kwenye TV hahitaji maelezo. Ukipata leseni nitakuchukulia mara tatu ya ninachochukua sasa, na nasema hili kwa moyo mmoja.

Fundi Kalibu

Mkuu wa Kkoo, nakushukuru, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mama Hesabu, hiyo asilimia 21 sikuiona kabisa. Nilikuwa naitazama 12 peke yake.

Mkusanyaji Tanga

Wanaosema "chako ni chako" wakumbuke pia kisa cha Mattel, kampuni nyingine ya midoli ya Marekani. Nao waliikosa Star Wars, wakaamua kubuni wa kwao: He-Man, 1982. Mwaka 1986 mauzo Marekani yalifika dola milioni 400. Mwaka uliofuata yakaporomoka hadi milioni 7. Maduka yalikuwa yamejaa midoli isiyotoka. Kwa hiyo kumiliki mhusika hakukukingi na mzigo kulala.

Tofauti iko kwenye kilichofuata. He-Man alikuwa wa Mattel, hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu. Wakamrudisha 2002, wakamrudisha tena 2008 kwa watu wazima waliomcheza utotoni. Sasa tazama midoli ya mieleka ya WWE: kampuni ya Jakks Pacific waliitengeneza kwa zaidi ya miaka kumi, mkataba ukaisha mwishoni mwa 2009, Januari 2010 ikawa ya Mattel. Ujuzi wote wa Jakks wa kuchonga nyuso za wale wapiganaji haukuwapa haki ya kuuza hata mmoja mpya.

Kifungu cha kukukataza kutengeneza Tatu ndicho kibaya kuliko vyote. Hizo milioni zinaweza kurudi. Miezi 24 Tatu haonekani dukani, wateja wake wanakuwa wamekua.

Wakala Msomi

Kuna njia ya tatu ambayo naona hamjaigusa. Mwaka 1993 Toy Biz, watengeneza midoli, walipewa leseni ya wahusika wa Marvel, wachapishaji wa vitabu vya mashujaa, bila kulipa mrabaha wowote, ya pekee na isiyo na mwisho. Walitoa nini? Hisa: Marvel wakapata asilimia 46 ya Toy Biz. Desemba 1996 Marvel wakaomba kinga ya ufilisi, na 1998 Toy Biz ndio waliojiunga nao wakaunda kampuni moja. Mtengeneza midoli akaishia kukaa meza moja na wenye wahusika.

Sisemi uuze karakana. Nasema malipo si lazima yawe fedha taslimu. Waambie huna milioni 9, ila watapata mrabaha mkubwa zaidi, hata 15, kwa kila mdoli unaouzika kweli. Omba pia miezi 6 ya kumaliza mzigo baada ya mkataba kuisha, iandikwe. Bila hiyo, siku ya mwisho ikifika kila mdoli uliobaki ghalani ni haramu kuuuza.

Na kabla hujakaa nao tena, jina Nahodha Tatu lisajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kama alama ya biashara, michoro yake ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usiingie chumba kile Tatu akiwa hana karatasi.

Kijana wa Pwani

Kaka usikubali kumfungia Tatu. Mdogo wangu wa kike analala naye.

Fundi Kalibu

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jumatatu nakwenda BRELA. Alhamisi nakutana na wale wa katuni, na nimeandika manne kwenye daftari: hakuna kiwango cha lazima, mrabaha 15 kwa kilichouzwa, miezi 6 ya kumaliza mzigo, na kifungu cha wahusika wengine kifutwe. La mwisho wakilikataa nanyanyuka.

Mkuu wa Kkoo, niwekee nafasi ya midoli 40 rafu ya mbele. Nitakuletea Tatu wapya Jumamosi vyovyote itakavyokuwa, safari hii na kibao kidogo kinachosimulia alivyolipata lile kovu, ili usipate kazi ya kumuelezea.