Wanaoamini uumbaji, mbona hawakubaliani kuhusu umri wa dunia?

Mzee wa Sururu:
Wakuu, heshima mbele. Tunachimba kisima huku ndani Lindi, mbali na bahari. Juzi sururu imepasua jiwe, ndani kuna chapa ya kombe la baharini, mistari yake kama unyayo wa ndala. Mwenzangu Msabato akasema hiyo Gharika ya Nuhu, dunia ina miaka elfu sita hivi tu. Mwingine, Shahidi wa Yehova, akamcheka: dunia ni ya kale mno, na siku za Mwanzo si za saa 24. Na wote wawili Darwin, yule wa viumbe kutokana na viumbe vingine, hawataki hata kumsikia! Nilidhani wako timu moja.

Mwalimu Mstaafu:
Hawajawahi kuwa timu moja, mkuu. Mwaka 1925 kule Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Upande wa mashtaka alikuwepo William Jennings Bryan, mpinga Darwin namba moja wa Marekani. Wakili wa Scopes, Darrow, akambana Bryan kwa maswali, naye Bryan akakubali kuwa siku zile huenda zilikuwa vipindi virefu. Yaani aliongea kama huyo Shahidi wako! Wengine walishika Biblia yenye maelezo ya Scofield ya 1909, maelezo yaliyoweka pengo la muda kati ya Mwanzo 1:1 na 1:2. Mamilioni ya miaka unayaingiza humo, siku sita huzigusi.

Hii hoja kwamba Gharika ndiyo iliyopanga matabaka ya mawe ilipigiwa debe na Msabato, George McCready Price, aliyejifundisha jiolojia mwenyewe. Nje ya Usabato ilishika kasi baada ya 1961, Whitcomb na Morris walipoiandikia kitabu, na hao hawakuwa Wasabato. Leo walokole wengi wanaihubiri kana kwamba imetoka kwa mitume. Hapo huwa nakereka.

Binti Kilwa:
Kwetu Waislamu zipo siku sita pia, ila Surat Al-Hajj aya ya 47 inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu, na Al-Maarij aya ya 4 inataja siku ya miaka elfu hamsini. Umri wa mawe hautugombanishi sana. Mguse Adam ndiyo utaona moto.

Mzee wa Sururu:
Na Wakatoliki, mwalimu?

Mwalimu Mstaafu:
Papa Pius XII, 1950, aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe vya awali. Roho, akasema, inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Hapo wenzako wote wawili watakususia chai.

Sabato Njema:
Mwalimu, usituweke Wasabato kapu moja. Wapo kati yetu wanaosema mawe yenyewe ni ya kale, uhai ndio wa juzi. Kweli, mkutano mkuu wa San Antonio, 2015, ulikaza msimamo ukaandika kwamba uumbaji wa siku sita ni wa hivi karibuni. Mimi bado niko na mawe ya kale, ila kombe lako, Mzee wa Sururu, nalihesabu la Gharika.