Dereva wa rali asiye na uwanja ajifunzie wapi?

Mtoa hoja:
Mtu anayependa rali bila kuwa na timu wala mfadhili hukutana na tatizo hili mapema: gari analo, helmeti anayo, ila hana barabara ya changarawe ya kujifunzia. Wengi huamka alfajiri na kwenda kwenye barabara ya umma yenye magari machache, mmoja wao akisimama kwenye kona kuwaashiria wenzake kwamba njia ni nyeupe. Naona mtindo huo ni makosa hata siku ambayo hakuna aliyeumia, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi tunaoufuata huko hupatikana katika eneo dogo lililofungwa, kama machimbo ya kokoto yaliyoachwa, uwanja wa ndege usiotumika au shamba ambalo mwenyewe ametoa ruhusa kwa maandishi.

Kwenye changarawe tairi hukanyaga mawe madogo yanayosogea, ndiyo maana gari hugeuka kwa kutelezeshwa na si kwa usukani peke yake. Kuhamishia uzito mbele kwa breki kabla ya kona, kuliyumbisha gari kwanza upande wa nje ili mkia wake uzunguke, kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta: yote hayo mwanafunzi anaweza kuyaanza kwa koni chache na mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Akikosea hapo, pengine atazima injini tu. Akikosea kwa kilomita 80, ambapo umbali wa kusimama baada ya kushika breki ni takriban mara nne, ataishia mtaroni, au atamkuta mtu.

Mchangiaji wa kwanza:
Kuhusu koni sina ubishi, lakini ndugu mtoa hoja ameuruka moyo wa mchezo wenyewe. Dereva wa rali huendesha kwa kusikiliza maelezo ya njia yanayosomwa na msaidizi wake, akiiamini kwa sikio kona ambayo jicho halijaiona, na uwanja ulio bapa hauna kilima cha kuficha kona wala mifereji ya magurudumu inayozidi kuchimbika kila gari linapopita. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, iliendeshwa hadi 2002 kwenye barabara ambazo watu wengine waliendelea kuzitumia. Kuwazuia watu wachache wanaochagua saa tulivu ni ukali uliopitiliza. Isitoshe, mwenye shamba hukubali mara ya kwanza, kisha majirani wakilalamikia vumbi na kelele hufunga lango, na vijana hurudi kulekule barabarani.

Mchangiaji wa pili:
Mimi naishi kando ya barabara ya changarawe, kwa hiyo nauliza: saa hiyo ni tulivu kwa nani? Alfajiri watoto wanakwenda shule na wenye baiskeli wanakwenda kazini. Tena magurudumu yanayozunguka bila kushika husukumia changarawe pembeni na kuacha udongo mtupu, na mvua inayofuata humalizia.

Mtoa hoja:
Mfano wa Safari Rally hausaidii upande ulioutetea. Yalikuwa mashindano rasmi ambayo tarehe na njia zake zilijulikana, na bado timu kubwa zilitanguliza helikopta kuonya juu ya kilichokuwa mbele. Yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, sehemu za kushindania zilifungwa. Mtu mmoja mwenye kitambaa cha kupunga hawezi kufanya kazi hiyo.

Kwenye maelezo ya njia, hata hivyo, umenibana, na nakubali kwamba koni hazifundishi hilo. Lakini hata katika mashindano madereva hukagua njia na kuandika maelezo yao kwa mwendo uliowekewa kikomo, hivyo kuandika na kusomeana kunawezekana kwenye barabara ya kawaida, kwa kutii sheria zake zote. Kinachobaki ni kuyajaribu maelezo hayo kwa kasi, na hapo klabu ndiyo iombe njia ya msitu au ya shamba ifungwe kwa siku moja, ikiwa na bima, kizima moto kwenye kila gari na mtu wa huduma ya kwanza.

Suala la majirani ni gumu zaidi. Kumwagia njia maji kunapunguza vumbi, na kuisawazisha kwa greda baada ya mazoezi kunaweza kumfanya mwenye shamba akubali mara ya pili. Greda, hata hivyo, ni ghali kwa klabu ya watu kumi, na ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kugawana gharama hiyo na mwenye ardhi.