Hivi kwa nini anayenunua konsoli siku ya kwanza ndo anapigwa kila mara?

Wakuu, leo nimekuja na hasira na sitaki mtu aje kuniambia nitulie. Nijibuni swali moja, hizi kampuni za konsoli, yaani mashine za kuchezea magemu, zina ugomvi gani na mteja wao wa kwanza? Namsema yule anayeweka oda mapema, analipa bei kamili kitu hakijajaribiwa na mtu yeyote, anakesha kusubiri saa sita usiku ifike. Huyo ndo anawajengea idadi. Bila hao mamilioni ya mwanzo hakuna studio itahangaika kutengeneza gemu la mashine yao, na hela yenyewe inatoka kwenye magemu maana mashine mara nyingi inauzwa kwa hasara mwanzoni. Sasa huyo huyo anayewabeba ndo wa kwanza kuchinjwa, na huu mchezo una miaka 30 sasa.

Anzeni na Sega. Novemba 1994 wanauza 32X kule Marekani, kidude cha kuchomeka juu ya Mega Drive, mashine yao ya zamani, dola 159, mteja anaambiwa hapa ushafika. Miezi michache mbele wanamletea Saturn, mashine nyingine kabisa, na kile kidude kinabaki pambo. Haya, Saturn yenyewe ilitangazwa itatoka Marekani tarehe 2 Septemba 1995, studio zote zikawa zinapiga kazi kuelekea hapo. Mwezi Mei kwenye maonyesho ya magemu ya E3 Los Angeles, Tom Kalinske, bosi wa Sega Marekani, anapanda jukwaani anasema mashine ipo madukani sasa hivi, dola 399. Kisa wamuwahi Sony na PlayStation yake. Maduka yaliyopewa mzigo ni makampuni manne tu, mengine yamesikia kwenye habari kama mimi na wewe, KB Toys wakasusa wakatoa vitu vya Sega kwenye shelfu zao. Na magemu je? Ya studio za nje yalikuwa bado yanapikwa ya Septemba! Aliyekimbia kununua alikaa na magemu ya kuhesabu kwenye vidole, majira yote ya joto anazunguka na Virtua Fighter. Halafu siku ile ile Steve Race wa Sony akaitwa jukwaani, akasema "299", yaani bei ya PlayStation kwa dola, akashuka. Basi. Hotuba imeisha na vita nayo imeisha, PlayStation ya kwanza iliuza zaidi ya milioni 100, Saturn haikufika hata milioni 10.

Na msiniambie Dreamcast, mashine ya Sega iliyofuata, ilikuwa mbaya, ilikuwa mashine kali, dola 199, imetoka Marekani Septemba 1999 na magemu ya kutosha kuanzia siku ya kwanza, yaani kila walichokosea 1995 walikirekebisha. Ila nani wa kuwaamini tena? Watu walikuwa wanakumbuka 32X na Saturn, wakasema acha tusubiri PS2, PlayStation ya pili, tuone na ile DVD yake. Machi 2001 uzalishaji ukasimama na Sega wakatoka kwenye biashara ya mashine moja kwa moja. Ukimpiga mteja wa mwanzo deni linakuja kudaiwa kwenye mashine inayofuata, hilo ndo hawa jamaa hawataki kulielewa.

Microsoft nao na haraka zao. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, mwaka mzima kabla ya PS3, kila mtu akasema wamewahi, wana akili. Wamewahi ndio, ila na mashine inayochemka mpaka inakufa yenyewe, zile taa tatu nyekundu mnazikumbuka. Julai 2007 wakaongeza waranti hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa matengenezo. Bilioni! Na ile ya bei ndogo ya dola 299 ilikuja haina hata sehemu ya kuhifadhi gemu, ukitaka usipoteze ulipofikia ununue memori yako pembeni, sasa mtu anauziwaje mashine isiyoweza kukumbuka kitu.

Sony walipata nafasi ya dhahabu kumaliza kazi hapo wakaja na PS3 ya dola 599, ya bei ya chini 499. Walikuwa wametoka kushinda mara mbili mfululizo wakadhani tutalipa chochote. Humo ndani wakaweka Blu-ray kwa sababu walikuwa na vita yao ya diski za filamu, vita ambayo mcheza gemu haimhusu, wakaweka na prosesa ya Cell ambayo mainjinia wenyewe walihangaika nayo miaka. Zile za mwanzo zilikuwa na uwezo wa kucheza diski za PS2 na kuwekewa Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, baadaye PS2 wakaiondoa kwenye mashine mpya, na Aprili 2010 wakaja na apdeti inayofuta Linux hata kwa yule aliyekwisha kununua. Rudia kusoma hapo. Umelipa, umebeba nyumbani, miaka imepita, halafu wanaingia ndani kwako kwa intaneti wanachukua kitu ulichonunua, ukikataa apdeti huchezi tena na wenzako mtandaoni. Huo kwa lugha nyingine unaitwaje?

Lakini kama kuna kombe la kujifyatulia risasi mguuni apewe Xbox One, hapo nitakaa kidogo. Mei 2013 wanazindua, watu wanasubiri magemu, jamaa wanaongelea televisheni. TV, TV, TV, na michezo ya Marekani. Halafu ikaja kujulikana mashine lazima iguse intaneti kila baada ya masaa 24 la sivyo huchezi, na diski iliyotumika kumpa mwenzako ni mpaka kwa masharti yao. Watu wakauliza, sasa sisi tusio na intaneti ya uhakika? Don Mattrick, aliyekuwa anaongoza Xbox, akajibu kwamba kwa watu hao wana bidhaa inaitwa Xbox 360. Jamani! Unamjibu hivyo mtu aliyekuja na hela mkononi? Juni pale E3 wakataja dola 499, jioni yake Sony wakataja 399, na wakatoa kavideo ka sekunde chache kuonyesha jinsi ya kumwazima mwenzako gemu la PS4: jamaa mmoja anampa diski mwingine, asante, mwisho. Sony hawakubuni kitu chochote pale wakuu, walichofanya ni kutokuharibu, na wakashangiliwa kama wameshinda kombe la dunia.

Baada ya siku chache Microsoft wakarudi nyuma, masharti yakafutwa, ila Kinect ikabaki, hiyo kamera ndo ilikuwa inapandisha bei na walisema ni sehemu ya mashine. Watu wakanunua Novemba kwa 499. Juni 2014 hao hao wanauza bila Kinect kwa 399, miezi saba tu, na wakawapa studio ile asilimia kama 10 ya nguvu ya picha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya kamera. Kwa hiyo muda wote huo ulilipa dola mia zaidi ili gemu lako liwe zito zaidi. Kufika 2016 Xbox One S imetoka haina hata tundu la kuchomeka hiyo Kinect. Aliyewaamini siku ya kwanza kabaki na kamera ya kuangaliana nayo sebuleni.

Nintendo msicheke. 3DS, konsoli yao ya mkononi, ilitoka Marekani Machi 2011 kwa dola 249.99, Agosti imeshuka mpaka 169.99. Angalau wale waliotangulia walipewa magemu 20 ya zamani bure, na bosi wao Satoru Iwata alijikata nusu ya mshahara wake, hilo nawapa heshima, sijaona bosi mwingine kajigusa mfuko. Halafu hao hao mwaka uliofuata wakaleta Wii U yenye jina ambalo nusu ya watu walidhani ni padi mpya ya ile Wii ya zamani, na walipoitangaza 2011 walionyesha padi mpaka mashine yenyewe ikasahaulika. Iliuza milioni 13 na nusu tu, baada ya Wii iliyopita milioni 100.

Sasa hapa ndo hasira yangu ya leo inapotoka. Zamani kulikuwa na dawa: usiwe wa kwanza. Acha wenzako waumie, wewe kaa mwaka au miwili, bei ishuke, makosa yarekebishwe, magemu yajae. Subira yavuta heri. PS3 ya dola 599 kufikia 2009 ilikuwa 299 na nyembamba juu yake. Chipu zilikuwa zinapungua ukubwa na gharama kila mwaka, kampuni zikishindana zinakatana bei, mvumilivu anafaidi.

Hiyo dawa wameifuta. PS5 ilitoka 2020 kwa 499, Agosti 2025 Marekani ikapandishwa mpaka 549.99. Xbox Series X nayo ilikuwa 499, mwaka huo huo wa 2025 ikapanda mara mbili mpaka 649.99. Switch ya kwanza ya Nintendo, mashine ya 2017, ilipandishwa 2025 ikiwa na miaka minane! Wanasema ni hali ya uchumi na ushuru, sawa, vipo kweli, lakini mbona wanapandisha wote na hakuna anayethubutu kumfanyia mwenzake ile "299"? Sony walileta PS5 Pro 2024 kwa 699.99 bila sehemu ya diski wala stendi, Nintendo wakaleta Switch 2 mwaka 2025 kwa 449.99 na ile programu ya kukuonyesha mashine yako inafanyaje kazi wakakulipisha dola 9.99. Kitu ambacho kingewekwa bure kwenye boksi!

Kwa hiyo ukiwahi unapigwa, ukisubiri unapigwa, na Xbox kwa vile walishapoteza mbio hizi hakuna wa kumtisha Sony akae sawa.

Najua kuna mtu atakuja na "si usinunue". Mkuu, mimi nataka kununua, ndo maana naumia. Nachotaka ni kampuni moja, moja tu, iandike kwenye boksi kwamba bei ikishuka ndani ya mwaka mmoja tunakurudishia tofauti, na hatutaondoa kwa apdeti kitu chochote ulichokilipia. Mashabiki wa kila upande njooni mniambie wenu anashindwa nini hapo, na msiniletee idadi ya mauzo.