Mwani wa kijani unafunika matumbawe katika tangi la maji chumvi: nianzie wapi?

Mkazi wa Nyakato

Ndugu wanajukwaa, salaam. Hapa Mwanza ninafuga samaki watano wa baharini katika tangi la lita 300, pamoja na matumbawe laini na mawe niliyoyanunua kwa mfugaji mwenzangu aliyeacha shughuli hii. Kwa kuwa bahari iko mbali nasi, huchanganya mwenyewe chumvi maalumu na maji ya bomba niliyoyalaza siku mbili. Tangu mwezi wa pili, mwani mrefu wa kijani, mithili ya nywele, umeota juu ya mawe na sasa unayabana matumbawe. Kila Jumamosi naung'oa kwa mikono, na ikifika Jumatano umekwisha kurudi. Nimepima virutubisho vya majini: naitreti nimepata miligramu 40 kwa lita, na fosfeti 0.5. Taa huwaka kwa muda wa saa 12, na samaki hula unga wa dagaa mara tatu kwa siku. Dukani nimeonyeshwa dawa ya kuua mwani wa mabwawa. Je, niitumie?

Mama wa Bwiru

Ndugu yangu, dawa hiyo iache huko huko dukani. Dawa nyingi za mabwawa zina shaba, na shaba, hata ikiwa kidogo sana, huua konokono, kamba na matumbawe, kisha hujificha ndani ya mawe na mchanga ikaendelea kukusumbua baadaye.

Nadhani tatizo lako linaanzia kwenye bakuli la chakula. Dagaa ni chakula kizuri, lakini unga wake husambaa majini kabla samaki hawajaumeza, na kinachobaki huoza kikawa mbolea. Mimi hununua dagaa pale Mwaloni Kirumba, huwasuuza mchanga, huwaloweka, huwakata vipande vinavyotosha mdomo wa samaki na kuwapa mara moja tu kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Taa nazo zipunguze hadi saa 8. Jambo jingine ambalo watu wa pwani hawalijui ni kwamba lile wingu la wadudu wa ziwani likitua mtaani usiku, taa ya tangi huwavuta. Kama huna wavu juu ya tangi, unarutubisha maji bila kujua.

Fundi wa Igombe

Naunga mkono hoja ya Mama, ila mimi ningeanza na maji yenyewe. Kuyalaza maji ya bomba huondoa klorini, lakini hakuondoi fosfeti, naitreti wala silika. Maji yetu hutoka ziwani, na sote tunaliona ziwa linavyogeuka kijani pale virutubisho vya mashambani na vya mjini vinapoingia kwa wingi. Sasa fikiria unavyojaziliza. Tangi la ukubwa huo, katika joto letu, likipoteza lita 3 kwa siku, kwa mwezi umeongeza lita 90, na kila kilichoyeyuka ndani ya maji hayo kimebaki tangini, kwa sababu kinachopaa ni maji matupu. Tafuta maji yaliyopita kwenye mashine ya osmosisi, inayoyasukuma kupitia utando unaozuia vilivyoyeyuka, na kumaliziwa na kichujio cha resini, kisha uyapime: kipimo cha chembe zilizoyeyuka kisome 0. Maji ya kunywa ya chupa hayafai, maana mara nyingi huongezewa madini.

Kijana wa Nyegezi

Shikamooni. Mimi nilifunika tangi kwa blanketi siku tatu na utando wote ukaisha. Kwa nini asijaribu hivyo?

Fundi wa Igombe

Marahaba. Utando wako bila shaka ulikuwa ule mwekundu unaoteleza, ambao si mwani halisi bali ni bakteria. Giza huudhoofisha. Mwani wa nywele utanyauka kidogo, kisha utarudi, kwa kuwa chakula chake bado kipo. Tena mawe ya mtumba hushika fosfeti na kuiachia polepole, kwa hiyo vipimo vinaweza kukwama kwa miezi hata ukifanya kila kitu sawasawa. Hapo ndipo chembe za oksidi ya chuma, ambazo hunasa fosfeti, zinapofaa, lakini utumie kidogo kidogo: fosfeti na naitreti zikifika sifuri, matumbawe hufifia, na nafasi yao inaweza kuchukuliwa na dinoflajelati, uchafu wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuliko nywele zako.

Mtu wa Tanga, sasa Kirumba

Usije ukashawishika kumweka tasi, samaki wa baharini anayekula mwani. Wakulima wa mwani wa pwani wanamjua kwa ulafi wake, lakini hukua akazidi sentimita 30, na tangi lako litamtesa. Konokono kumi wanatosha, mradi wewe mwenyewe uanze kwa kung'oa nywele ndefu, maana wao hupenda mwani mfupi.

Mkazi wa Nyakato

Ahsanteni nyote. Nimerudi baada ya wiki sita. Nimebadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kwa maji ya osmosisi, nimepunguza chakula na taa, na nimeweka wavu. Naitreti imeshuka hadi 10. Fosfeti imekwama kwenye 0.2, kama Fundi alivyosema kuhusu mawe. Nywele zimekuwa za rangi hafifu na hung'oka kwa urahisi, na konokono wamesafisha upande wa kushoto wote. Oksidi ya chuma nimeiagiza. Nitaanza na nusu ya kipimo kilichoandikwa na kusimama fosfeti ikikaribia 0.05.