Urithi wa ukuaji na ulaji kwa ng'ombe wa nyama: nipime kwa mama au kwa baba?

BoraniWaMariakani: Jamani, mimi niko Kisauni, ng'ombe wako Mariakani. Madume 3 ya Borani, ndama 61, uzito wa kuachishwa ziwa wote umo daftarini. Nataka kujua ukuaji unarithika kiasi gani. Nilinganishe ndama na mama zao, au niwapange kwa baba? Na ulaji je?

MzeeWaTudor: Kwa mama utapotoka. Ndama kakua kwa maziwa yake, basi hesabu itachukua maziwa na kuyaita urithi. Kwa baba maziwa hayaingii sana, lakini tofauti baina ya madume huzidishwa mara 4, na kosa nalo mara 4. Madume 3, bwana? Watoto wa mmoja wakipata malisho mazuri tu, jibu litavuka 1, na urithi, yaani sehemu ya tofauti za ng'ombe inayotoka kwa damu, hauvuki 1.

MamaMtongwe: Kuna njia ya tatu, kompyuta inayoshika nasaba nzima pamoja, hadi nyanya, na maziwa yakatengwa kivyake. Ila kwa ndama 61 hata hiyo itayumba. Mie ningeazima makadirio ya urithi yaliyozoeleka: uzito wa kuachishwa ziwa karibu 0.25, wa mwaka mmoja karibu 0.4. Dume aliyewazidi wenziwe kilo 30, urithi ukiwa 0.3, ukimpandisha majike ya kawaida tarajia ndama wazidi kilo 4.5. Nusu ya 9, maana nusu ni ya mama.

Kwenye ulaji, achana na kugawa chakula kwa kilo zilizoongezeka. Ukichagua hivyo unakusanya ng'ombe wakubwa, na jike kubwa hula mwaka mzima hata kiangazi. Watafiti Koch na wenziwe kule Marekani mwaka 1963 walipendekeza salio, yaani alichokula ukitoa alichotarajiwa kula: kwa uzito na ukuaji wake alitarajiwa kula kilo 8, kala 7, huyo mweke. Nalo hurithika, karibu 0.3.

MzeeWaTudor: Kweli, dada, lakini salio lataka kila mmoja apimiwe chakula chake, kwa kawaida siku 70 za kufuatilia uzito. Pumba na mashudu ya nazi kwenye hori moja, nani kala nini? Na wewe kijana, uliwapima kabla ya maji au baada? Lita 20 tumboni ni kilo 20 mizanini.

BoraniWaMariakani: Lo. Wengine walitoka kisimani, wengine zizini, na sikuandika nani ni nani. Hapo nilimsifu sana namba 17. Basi naanza upya na ndama wa vuli, alfajiri, kabla zizi halijafunguliwa.